Mawe Manne ya Waziri Asiye na Wizara

Mama yangu aliogopa kitu kimoja tu maishani: kuzikwa upande mbaya wa mto.

Ngoja nieleze, maana nikiwasimulia watu wa mjini wanaanza kuniangalia kwa huruma. Kijiji cha mama kiko juu kabisa Uluguru, mahali ambapo lori likifika dereva anazima injini na kusema, "Haya, kuanzia hapa ni miguu yenu." Kimekatwa na mto. Upande huu kuna nyumba zetu, kanisa, zahanati na njia ya kushukia Morogoro. Ng'ambo kuna mashamba ya ukoo wetu na makaburi ya ukoo wetu. Kwetu Waluguru ardhi hufuata mama. Alilima bibi, akalima mama, nitalima mimi, na tukichoka kulima tunalala humo humo. Sasa bibi yangu akafariki masika. Mto umefura, unabeba magogo mazima. Wakasubiri upungue, wapi! Mwisho padri akasema jamani, marehemu hawezi kungoja zaidi ya hapa. Bibi akazikwa upande huu, kwenye ardhi ya ukoo mwingine, chini ya migomba ya watu.

Mama hakulimeza hilo hata siku moja. "Mama yangu kalala pale kama mpangaji," alikuwa akisema, na akishasema hivyo anasonya. "Mimi sitaki nyumba ya kupanga."

Kwa hiyo alitaka daraja. Hakutaka la magari. Alitaka la waya na mbao, upana wa kupita watu wanaobeba kitu begani. Kitu gani, hakutuficha. "Kiangazi mimi naruka juu ya mawe," alisema. "Lakini jeneza halirukiruki."

Miaka hiyo mimi nilikuwa karani mpiga taipu katika kiwanda kimoja cha serikali pale Morogoro. Ulikuwa wakati wa ruksa. Kuuza mitumba ruksa, kufungua duka la dawa sebuleni kwako ruksa, kuuza kiwanda chenyewe na mashine zake na saa ya ukutani ruksa. Kila wiki alishuka Mzungu mpya kutufundisha namna ya kuuza. Na kwa vile nilisoma kwa masista na Kiingereza changu kilikuwa kimenyooka, nilitolewa kwenye taipu nikafanywa mkalimani.

Mmoja wa walimu hao alitoka Estonia. Nchi hiyo haikuwepo kwenye ramani ya ofisini kwetu, kwa sababu ramani ilichapwa wakati Estonia bado imemezwa na Umoja wa Kisovieti, na hakuna aliyekuwa na bajeti ya ramani nyingine. Alikuwa kijana mrefu, masikio yameiva kwa jua. Kwao alikuwa Waziri asiye na Wizara Maalumu, na kazi yake ilikuwa kuuza viwanda. Alisema ameshaviuza karibu vyote. Mtu fulani alikuwa amemfundisha kusema shikamoo bila kumwambia inasemwa kwa nani, basi akawa anawaamkia wote, mlinzi, mpishi, watoto wa shule waliochungulia dirishani. Watoto wakaitikia "marahaba" bila aibu hata kidogo.

Akatufundisha kwamba kiwanda kikiuzwa, wafanyakazi wa ziada hupunguzwa, na wa kwanza ni makarani wapiga taipu. Mimi nikatafsiri. Nilitafsiri kufukuzwa kwangu mwenyewe kwa Kiswahili fasaha, nikarudia mara ya pili kwa walioko nyuma ambao hawakusikia.

Nadhani aliona uso wangu. Wakati wa chai akanijia na kikombe chake, akaniuliza kama kuna jambo lolote anaweza kunifanyia. Nilikuwa na hasira, nikamjibu jambo la kwanza lililokuja: "Mama yangu anataka daraja la kupitisha jeneza lake." Mtu mwingine angejifanya kaitwa nje. Huyu akakaa chini, akataka kujua mto una upana gani. Akaniambia jeshi la Warusi lilipoondoka kwao liliacha bandarini rundo la nyaya za chuma, nene kama mkono, na hakuna anayejua zifanyiwe nini.

Nikadhani ni maneno ya chai. Baada ya miezi kadhaa nikaitwa stesheni ya reli. Nyaya zimefika, zimeviringwa, zina herufi za Kirusi na harufu ya samaki.

Kijijini wakaunda Kamati ya Daraja. Mwenyekiti akawa mjomba, kaka yake mama, ambaye ndiye msemaji wa ukoo wetu. Misheni ikatoa saruji. Mbao zikapatikana. Vijana wakabeba zile nyaya mlimani kwa mabega, wakiimba na kutukana. Kila kitu kilikuwepo. Ndipo akapanda bwana mmoja kutoka ofisi fulani ya mjini, suti ya kaunda, kalamu tatu mfukoni. Kwa sababu tutakazoziona, sisi tulimwita bwana itifaki.

Bwana itifaki akatueleza taratibu. Mradi hauanzi bila jiwe la msingi. Jiwe la msingi haliwekwi bila mgeni rasmi. Na mgeni rasmi hawi rasmi bila cheo. Kwa kuwa nyaya zimetoka Estonia, ameshafungua faili linalosema mgeni rasmi ni waziri kutoka Estonia, na faili limeshapanda juu.

"Waziri wa nini?" akauliza mjomba.

"Asiye na Wizara Maalumu."

Mjomba akafikiri. "Kama hana wizara, anashinda wapi mchana?"

Jiwe likachongwa Mwembesongo, kule mjini, kwa fundi mmoja mpole ambaye kazi yake ya siku zote ilikuwa mawe ya makaburi. Alitengeneza bamba zito la tarazo, maandishi mazuri ajabu: Jiwe hili la msingi limewekwa na Mheshimiwa fulani, Waziri asiye na Wizara Maalumu. Juu yake akachonga msalaba mdogo. Nikamwambia fundi, huyu mtu yuko hai. Akatahayari. "Samahani dada, mkono umezoea," akasema. Kuufuta kungeharibu tarazo, basi jiwe likapanda mlimani na msalaba wake, na akina mama waliokutana nalo njiani wakaweka mizigo chini na kufanya ishara ya msalaba.

Siku ikafika. Makochi ya nyumba ya padri yakaletwa mtoni yakawekwa chini ya turubai. Nguruwe akachinjwa, togwa ikakorogwa, kwaya ikashonewa sare. Mheshimiwa akapanda mlima kwa miguu, masikio yanawaka, anawaamkia shikamoo hata mbuzi. Mama alikuwa mstari wa mbele kavaa kitenge chake cha Pasaka. Nilimwona akipima kwa macho nafasi kati ya nguzo mbili zilizochorwa kwa chokaa, na midomo inacheza.

Mheshimiwa akapewa mwiko. Akachota saruji. Akainama. Hapo hapo bruda mmoja wa misheni akaja anateremka mbio kutoka kwenye redio kol, ile simu ya upepo ya misheni, kanzu kaishika mkononi, akamnong'oneza bwana itifaki. Bwana itifaki akanipa mimi nimtafsirie mgeni, na mimi nikatafsiri, kwa sababu ndiyo kazi niliyoizoea: serikali ya kwao imeanguka. Vyama viwili vimegombana bungeni. Tangu asubuhi yeye si waziri.

Mtu wa watu akabaki kainama na saruji yake.

Bwana itifaki akamwondolea mwiko taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. "Naomba nikushikie hiyo, mhe... ndugu," akasema. Kisha akamshika kiwiko, akampitisha mbele ya makochi, akamkalisha kwenye benchi pamoja na wapiga ngoma. Kwaya ilikuwa imeshaanza ubeti wa kumsifu Waziri, ikakata katikati.

Mjomba akashindwa kuvumilia. "Mwulize. Serikali yao ikianguka, nchi inabaki wapi?"

Nikamwuliza. Akasema nchi inabaki pale pale, na kesho watu wanakwenda kazini. Mjomba akanitazama vibaya, akidhani nimetafsiri ovyo.

Halafu yule Mzungu akasema neno la busara kuliko yote yaliyosemwa siku ile. Akasema, basi niliweke jiwe kama mtu binafsi. Bwana itifaki akacheka kwa adabu. "Mwambie mtu binafsi hawezi kuweka jiwe la msingi. Hapo itakuwa ni mtu tu ameweka jiwe." Na je, mjomba akauliza, tukimwita mkubwa mwingine? Haiwezekani, faili lina waziri wa Estonia, na kulibadilisha ni kuanza upya, na nyaya zitahesabika hazina mwenyewe. Tungoje. Wenzetu hawa wana vyama vingi, wanapanda na kushuka. Atapata tena.

Ukafika wakati wa chakula. Paja la nguruwe lililotengwa kwa ajili ya Waziri likazungushwa kwenda kwa bwana itifaki. Mama akasimama, akalikatiza njiani.

"Kwani tumbo lake nalo limeanguka?" akasema, akamwekea Mzungu sahani magotini. Yeye akamwambia mama shikamoo, na hiyo ndiyo shikamoo yake ya kwanza iliyokwenda mahali pake. "Marahaba," akasema mama. "Kula, mwanangu. Utapata kazi nyingine."

Basi maisha yetu yakafungwa kwenye siasa za Estonia. Sijui nielezeje upuuzi huu ueleweke. Nchi ile watu wenyewe hawajui iko wapi, na sisi mlimani Uluguru tunajua vyama vyake vyote, kipi kimenuniana na kipi. Kiwanda kilikuwa kimeshauzwa, nami kwa kiinua mgongo changu nikafungua duka la steshenari karibu na soko, kalamu, bahasha, na mashine ya faksi ambayo niliipenda kuliko wanaume wote walionitongoza. Yule bwana akipanda cheo, ananitumia faksi. Akishuka, ananitumia faksi. Wanawake wanaoshusha kabichi na karoti kutoka kijijini walipitia dukani kwangu kabla ya sokoni. "Vipi, ameamkaje mtu wetu?" Nikiwaambia serikali yao inayumba, wanarudi mlimani na nyuso ndefu.

Mara akawa Waziri wa Kilimo. Aisee! Kijiji kililipuka. Kilimo! Hata mama, ambaye hakutaka habari za vyeo, alisema hicho ni cheo cha mtu mwenye akili. Fundi akachonga jiwe la pili, safari hii na msalaba mdogo zaidi. Bwana itifaki akaagiza jiwe la kwanza liondolewe, kwa sababu jiwe lenye cheo kilichokufa likibaki wazi litapotosha wananchi. Lipelekwe wapi? Ni zito. Mama akasema, "Litieni mtoni, pale ninapovukia. Mguu wangu una dhiki pale."

Likatiwa mtoni.

Tarehe ikapangwa, na sare za kwaya zikapanuliwa kwani wanakwaya walikuwa wamenenepa. Wiki hiyo vyama vya kule vikavunja ndoa kwa sababu ya bei ya maziwa. Faksi ikatoka, nikaisoma nimesimama, nikaketi. Bei ya maziwa! Mama yangu azikwe kwenye migomba ya watu kwa ajili ya maziwa ya Estonia! Nililia mbele ya mteja, na mteja akadhani nimefiwa, akanipa pole, nami nikaipokea. Jiwe la Kilimo likaingia mtoni hatua moja mbele ya lile lisilo na wizara.

La tatu lilikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Hili bwana itifaki alilipokea kwa heshima ya pekee, kwani alisikia kuna polisi ndani yake. Jiwe halijakauka, mahabusu mmoja akatoroka kituo cha polisi huko kwao na mheshimiwa wetu akajiuzulu. Mjomba alishuka mjini kwa ajili hiyo tu, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Yeye ndiye aliyemfungulia mlango?"

"Hapana, mjomba."

"Alikuwepo kituoni?"

"Alikuwa nyumbani kwake anakunywa kahawa."

"Sasa anajiuzulu kwa nini?"

"Anasema ni heshima."

"Heshima!" Mjomba akavua kofia, akaivaa tena. "Na mama yako tumzike wapi, kwenye heshima?"

Mama mwenyewe alikasirika mpaka akaniagiza nitume faksi, maneno yake hasa, nisiongeze wala kupunguza: Rudi kazini. Nikatuma. Jibu likaja siku ile ile: Mwambie mama anisamehe, mlango umeshafungwa. Nilimsomea kwenye zahanati, alikokwenda kwa ajili ya magoti. Akasonya, halafu akauliza kama huyo mtoto ana mke wa kumpikia.

Jiwe la tatu nalo likaingia mtoni. Kufikia hapo mawe ya mtoni yalikuwa msaada kweli, kiangazi. Yalikuwa mapana, yametulia, na kila mtu aliyaita kwa vyeo vyake. Mtu akichelewa shambani anasema, "Nilikaa kidogo kwenye Kilimo naosha miguu." Watoto walipeana ahadi ya kukutana Polisi. Lakini masika, mawe yote matatu yalizama chini ya maji ya tope, usijue hata kama yapo, na kila masika mama alihesabu vifo vya kijiji na kutazama mto. Magoti yalikuwa yanamwisha. Alikuwa akisema waziwazi, mezani, tunakula: "Nikifa Aprili ndiyo nimekwisha." Nami nilikasirika, nikamwambia basi usife Aprili, tukanuniana siku nzima.

Nyaya za Warusi zilikaa stoo ya misheni bila kupata hata kutu. Saruji ndiyo iliyoganda, mifuko ikawa mawe yenye umbo la mifuko, na padri akaitumia kama ngazi ya kuingilia jikoni.

La nne ndilo lililotumaliza. Nchi ile ikaingia Umoja wa Ulaya na mtu wetu akachaguliwa kuwa Mbunge wa Bunge la Ulaya. Nikasema haya sasa, hiki cheo hakianguki kwa maziwa. Jiwe likachongwa, zuri kupita yote, na fundi akajizuia msalaba kabisa, ila akaweka njiwa. Bwana itifaki akaja dukani, nywele zimeshakuwa nyeupe, akakaa akashika kichwa.

"Ulaya si nchi," akasema.

"Najua."

"Ni bara. Sasa mbunge wa bara zima analingana na nani hapa kwetu? Apokelewe na mkuu wa wilaya? Ni kumdhalilisha. Apokelewe na waziri? Waziri ni wa nchi, yeye ni wa bara, nani atangulie kukaa? Na wimbo upi upigwe?"

Nikamwambia, mzee wangu, ni daraja la waya. Ni la kubebea watu wanaougua na watu waliokufa. Hakunisikia. Akapeleka swali juu, na huko juu swali likakaa, na lilipokuwa limekaa vizuri, muhula wa bunge la Ulaya ukaisha, uchaguzi ukafanyika, na mheshimiwa akashindwa na mwanamke aliyekuwa akitangaza hali ya hewa kwenye televisheni. Jiwe la Ulaya likaingia mtoni. Likawa la mwisho, karibu na ng'ambo, na kwa kuwa fundi alilisugua mno, lilikuwa linateleza kuliko mengine.

Mimi nikasema basi. Nilikata tamaa. Bwana itifaki akastaafu, tukamchangia sanduku la safari.

Siku moja, mwishoni mwa kiangazi, mtu akasimama mlangoni pa duka langu na mkoba mgongoni, mzee mrefu, masikio mekundu. Akasema shikamoo. Nikamwambia shikamoo mwenyewe, maana sikujua nicheke au nimpige. Alikuja peke yake, kwa basi kutoka Dar kama mtu yeyote. Amestaafu siasa, hana cheo, hana hata kamati ya mtaa. Alitaka kitu kimoja tu, akalione daraja lake. Miaka yote bwana itifaki alikuwa akimwandikia kwamba maandalizi yanaendelea vizuri, naye akaelewa limeshajengwa, imebaki sherehe tu. Kwenye kampeni zake zote alikuwa akiwaambia wapiga kura ana daraja Afrika.

Sikumwambia kitu. Nilikuwa na hasira ya miaka, nikataka aione mwenyewe. Tukapanda.

Tulipofika mtoni mama alikuwa ng'ambo, anatoka shambani na mkungu mdogo wa ndizi kichwani, fimbo mkononi. Mzungu akatazama juu, akatazama chini. Akauliza liko wapi. Nikamwonyesha maji. Akaliona jina lake kwenye jiwe la kwanza, akalipanda akiwa na viatu vyake, akaniuliza limeandikwa nini.

"Hapo wewe ni Waziri asiye na Wizara Maalumu."

Akavuka hatua. "Na hapa?"

"Kilimo."

"Na hapa?"

"Polisi."

Alikuwa anakwenda polepole juu ya maisha yake yote, mikono kaitanua, na kila jiwe anasimama kidogo. Mama akapiga kelele kutoka ng'ambo, "Mwambie hilo la mwisho linateleza!" Kabla sijatafsiri alikuwa ameshaukanyaga ubunge wa Ulaya, miguu juu, akaingia mtoni mpaka kifuani. Mama akatua ndizi, akateremka na magoti yake yale mabovu, akamnyooshea fimbo na kumvuta.

Wakakaa ukingoni, mmoja amelowa, mwingine anahema. Akasema maneno, nikamtafsiria mama nikiwa bado nimesimama kwenye Polisi. Alisema ameona aibu. Alisema sasa si mtu yeyote tena, hana uwezo wowote wa kusaidia.

"Ndiyo nimekuwa nikisubiri uache hivyo vyeo," akasema mama. "Koleo unajua kushika?"

Tulijenga. Mjomba, mzee kweli sasa, alinituma mjini nikaulize kama tunaruhusiwa, na ofisini nikamkuta binti mdogo ambaye alilitoa faili, akalipulizia vumbi, akalisoma lote. Akaniambia kwa mujibu wa faili mradi haujaanza, na mradi ambao haujaanza ofisi haina namna ya kuusimamisha. Nilitaka kumbusu. Misheni ikatoa saruji nyingine, nyaya za Warusi zikatolewa stoo. Mzungu alikoroga zege vibaya, akicheka na watoto. Siku ya kuanza nguzo alichukua jiwe moja la mtoni, la kawaida tu, akaliweka chini kwenye zege. Watu wote tukatazama. Mjomba akasema kwa sauti, "Mtu tu ameweka jiwe," na kijiji kizima kikacheka mpaka wengine wakaketi chini.

Daraja likakamilika. Halikufunguliwa, kwani hapakuwa na mgeni rasmi. Watu walianza tu kupita. Wote isipokuwa mama. Aliendelea kushuka kwenye mawe yake na fimbo yake, Ulaya, Polisi, Kilimo, huku daraja likining'inia juu ya kichwa chake. Masika alikaa nyumbani, asivuke kabisa. Nilimgombeza. Nikamwambia mama, tumehangaika nusu ya maisha yangu, pita basi hata mara moja nikuone.

"Bado zamu yangu," akasema. "Nikipita sasa nitalizoea."

Alifariki Aprili. Kusudi kabisa, mimi nasema, na sitabadili kauli. Mvua ilikuwa inanyesha siku ya nne, mto umejaa kutoka ukingo hadi ukingo, vyeo vyote viko chini ya tope. Tukambeba. Mbao zililia, nyaya zikalia, zile nyaya zenye herufi za Kirusi, wala hazikutikisika sana. Nilitembea nyuma ya jeneza nimeshika kamba ya pembeni, na katikati ya mto wabebaji wakasimama kidogo kubadilishana bega. Nilitazama chini nikaona maji yanapita kwa hasira, na yeye yuko juu yake, mkavu. Nilimlilia kwa sauti yote niliyonayo.

Tulimlaza kwao, pembeni ya shamba la kabichi, akiwa mwenye nyumba.

Kwa jiwe lake nilikwenda Mwembesongo kwa fundi yule yule, mzee sasa, macho yamemchoka. Nikamwandikia jina la mama na tarehe ya maziko. Akaniuliza, kwa mazoea ya mawe yetu mengine, cheo chake nini? Nikamwambia hana, andika Mama. Jiwe lilipofika mlimani tukalifunua mbele ya ukoo, na mjomba akanitaka nilisome, kwa kuwa hana miwani. Mkono wa fundi ulikuwa umezoea tena. Msalaba ulikuwepo, mzuri. Chini yake alikuwa ameandika: Limefunguliwa rasmi na Mama, na jina lake, na tarehe tuliyomvusha.

Fundi alipopata habari alinipigia simu akiomba radhi, akitaka kuja alichonge upya bure. Nilimkataza asiliguse.